Maswali ya Wasomaji: Mrija Kwanza, Mtungi Baadaye

Swali: Wahariri, salaam. Nataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Mwalimu hapa Nungwi ananiambia nianze na miwani na mrija kwa wiki mbili tatu. Je, hanipotezei muda? *Msomaji, Unguja*

Jibu: Hakupotezei hata kidogo, msikilize. Wanaoshuka na mtungi mara ya kwanza wengi husumbuliwa na mambo mawili: kupumua kwa mdomo tu uso ukiwa majini, na maji kuingia kwenye miwani. Yote mawili unaweza kuyazoea pwani, kwenye maji ya kiunoni, bila kulipia boti.

Chagua miwani inayofunika pua. Ile midogo ya kuogelea bwawani haifai kuzamia: ukishuka, maji huikandamiza machoni, na kwa kuwa pua iko nje huna njia ya kupulizia hewa ndani yake. Vimishipa vya macho hupasuka, ukatoka na macho mekundu. Dukani, weka miwani usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika, ni yako. Ikidondoka, usikubali kuambiwa ukaze mkanda, maana mkanda uliokazwa mno hupinda mpira na maji huingia zaidi. Hata nywele chache zikinaswa chini ya mpira, miwani huvuja. Ikiwa mpya, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno ili kutoa utando wa kiwandani. Baada ya hapo mate yanatosha kuzuia ukungu.

Sasa zoezi. Zamisha uso, uingize maji hadi nusu ya miwani. Bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, inua uso kidogo, toa pumzi polepole kwa pua, na maji yatatokea chini. Anayeshindwa kwa kawaida anapuliza kwa mdomo bila kujijua. Ukiweza hilo, vua miwani kabisa, uso ubaki majini, upumue kwa mrija dakika nzima. Wanafunzi hulichukia zoezi hili, lakini kwa maoni yetu ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu pua hujifunza kutulia.

Mrija usizidi sentimita 40 hivi. Ukiwa mrefu, hewa chafu uliyoitoa hubaki ndani na unaivuta tena, na kifua hushindwa kutanuka kwa uzito wa maji.

Masikio yazibue mapema: bana pua, funga mdomo, puliza taratibu kila nusu mita unaposhuka, kabla hayajauma. Yakiuma, panda kidogo ujaribu tena. Ukiwa na mafua, siku hiyo usizame.

Swali: Mimi huzama kwa pumzi yangu kutafuta pweza. Mtungi si utakuwa rahisi kwangu? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hofu ya maji huna, na masikio yako yameshazoea. Lakini tabia moja uiache pwani: kuzuia pumzi. Hewa unayozama nayo sasa uliivuta juu. Chini hubanwa, ukipanda hurudi kipimo chake. Hewa ya mtungi unaivuta huko huko chini, ikiwa imeshabanwa. Katika mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo lita 4 mapafuni hutaka kuwa lita 8 ukifika juu. Aliyefunga koo wakati anapanda huweza kupasuka mapafu, hata akitokea kina cha mita moja na nusu. Basi pumua muda wote, na kipumulio kikitoka mdomoni, toa vipovu vidogo vidogo bila kukoma.

Na huko kwenye pweza, usihemeheme haraka haraka kabla ya kuzama. Hakuongezi oksijeni ya maana. Kunapunguza kabonidioksaidi, ambayo ndiyo inayoushtua mwili utake kupumua. Oksijeni huisha bila onyo, na mtu huzirai anapokaribia juu. Msizame wote wawili kwa pamoja. Mmoja abaki juu akimwangalia mwenzake.

Swali: Kozi ya kwanza inadai nini? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ile ya Open Water, kozi ya kuanzia ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, inataka uwe na miaka 10 au zaidi, uelee dakika 10, na uogelee mita 200 bila vifaa, au mita 300 kwa miwani, mrija na mapezi. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli. Mwenye pumu amwone daktari kwanza.