Wa harusi au wa matanga? Barua zenu kuhusu kantata ya Bach

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya kwanza hapa Malindi. Kuna bibi harusi ametuletea wimbo wa Bach kwenye simu, anataka tumwimbie akiingia kanisani. Katekista wetu ameusikiliza akasema huo ni wimbo wa msiba, ulitungwa wakati wa tauni, hauingii harusini hata kidogo. Bibi harusi analia. Tena sisi wenyewe kuna jambo linatutatiza: fidla zinapiga wimbo mmoja, wanaume wote kwa sauti moja wanaimba mwingine, na hazigombani. Nani yuko sawa, na muziki huo umejengwaje?
Sauti ya Kwanza, Ngala, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi harusi afute machozi, na katekista msimcheke, maana historia anaijua. Ila ameishia nusu.

Kwa ulivyoeleza, wanaume peke yao na fidla zikishika njia yake, mlicholetewa ni sehemu ya 4 ya kantata (utungo wa kwaya, waimbaji pekee na ala) namba 140 ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Ujerumani, Wachet auf, ruft uns die Stimme, yaani “Amkeni, sauti yatuita”. Nianze na tauni ili tumtendee haki katekista. Mwaka 1597 maradhi hayo yaliingia Unna, mji mdogo wa magharibi ya Ujerumani. Mchungaji wa pale alikuwa Philipp Nicolai. Nyumba yake ilitazamana na makaburi, na katika miezi michache mji ukazika watu zaidi ya elfu moja. Sasa tazama aliandika nini. Kitabu chake kilichapwa Frankfurt mwaka 1599, jina lake kwa lugha yetu ni “Kioo cha Furaha ya Uzima wa Milele”, na ndani mna wimbo huu, maneno yake na sauti yake pia. Tauni haitajwi. Kaburi halitajwi. Ni wanawali 10 wa Mathayo sura ya 25: usiku wa manane, walinzi juu ya ukuta wa mji wanapiga ukelele, bwana harusi yuaja, chukueni taa zenu. Mtu ameshinda akizika, akikaa kuandika anaandika harusi. Hilo ndilo la kumwambia katekista, kwa adabu.

Beti zake ni tatu, na zinaanza kwa herufi W, Z na G. Zisome kinyumenyume upate Graf zu Waldeck, mtawala kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Nicolai na akafa mwaka 1598. Wale washairi wetu wa kale waliokuwa wakipanga beti kwa alifu, be, te wangemwelewa mara moja.

Bach aliuchukua wimbo huo zaidi ya miaka 130 baadaye. Alikuwa Leipzig, mji wa Ujerumani, akisimamia muziki wa makanisa makuu ya mji, kazi aliyoishika tangu 1723 hadi alipokufa 1750. Naomba muelewe kuwa kantata kwake haikuwa onyesho la watu kununua tiketi. Ibada ilianza saa 1 asubuhi, Injili ikasomwa, kantata ikaimbwa, kisha yakaja mahubiri ya saa nzima. Kila Jumapili ilikuwa na Injili yake, basi na kantata ilibidi iwe ya Injili hiyo. Injili ya wanawali ilikuwa ya Jumapili ya 27 baada ya Utatu, na Jumapili hiyo haipatikani ila Pasaka ikiwahi sana, tarehe 26 Machi au kabla. Mwaka 1731 Pasaka ilikuwa 25 Machi, na kantata yetu ikaimbwa 25 Novemba. Katika miaka yote aliyokaa Leipzig, Jumapili hiyo ilimjia tena mara moja tu, 1742. Sisi mara ya mwisho tuliipata 2008, na inayofuata ni 2035. Fikiria fundi anayejua kuwa kazi hii huenda isipigwe tena kwa muongo mzima, na bado haachi kona hata moja bila kuipiga randa! Nyinyi Wakatoliki mna bahati zaidi, somo hilo mnalisikia Jumapili ya 32 ya Mwaka A wa masomo, kila miaka 3.

Kantata nzima ina sehemu 7 na huchukua karibu nusu saa. Beti tatu za Nicolai zimewekwa mwanzo, katikati na mwisho. Baina yake kuna mazungumzo ya Nafsi na Yesu, Nafsi ni soprano, yaani sauti ya kwanza, na Yesu ni besi, sauti nzito ya kiume, na maneno yao yamechotwa kwenye Wimbo Ulio Bora: mpenzi wangu ni wangu, nami ni wake. Katika sehemu ya 3 Nafsi anauliza utakuja lini, Yesu anajibu naja, naye anauliza tena kana kwamba hakusikia. Fidla ndogo, iliyofungwa nyuzi juu kuliko fidla ya kawaida, inapepesuka juu yao. Mimi husikia mwali wa taa usiotulia. Soprano huyo Leipzig alikuwa mtoto wa kiume wa shule, kwani wanawake hawakuimba katika kwaya zile. Wewe, mwanangu, ungebaki kwenye benchi.

Sasa fumbo lenu. Sehemu ya 4 ina mistari mitatu tu. Wa juu ni fidla, zote pamoja na viola (fidla kubwa kidogo), sauti moja. Wa chini ni besi ya kinanda na ala nzito. Katikati wanaume wanaimba ubeti wa pili wa Nicolai, Sayuni awasikia walinzi wakiimba, moyo wake waruka kwa furaha. Sauti ya fidla ni ya Bach mwenyewe. Inaanza peke yake, ikamaliza hadithi yake, ndipo wanaume wanaingia, na fidla haziwasubiri wala haziwafuati: wanaume wakiwa katikati ya mstari, fidla zinaanza mstari wao, wanaume wakinyamaza kupumua, fidla zinaendelea. Hazigombani kwa sababu zote mbili zimekaa juu ya besi moja, na Bach amepima kila noti mahali zinapokutana. Waumini wa Leipzig wimbo wa Nicolai walikuwa nao tangu utotoni. Kwa hiyo walisikia fidla wakaona ni muziki mpya kabisa, kisha wimbo wao ukachomoza ndani yake. Masikio ya Malindi hayana bahati hiyo, ndiyo maana mnaona ni nyimbo mbili zilizokutana njiani. Dawa ni kujifunza wimbo wa Nicolai kwanza, peke yake, mpaka mwajua kuupiga mluzi.

Bach mwenyewe aliipenda sehemu hii. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliiandika upya kwa kinanda cha kanisa, ikawa ya kwanza katika korale (nyimbo za kanisa) 6 zilizochapwa na Schübler. Hiyo inawafaa: mpiga kinanda wenu ashike sauti ya fidla kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto, wanaume waimbe katikati. Hamhitaji fidla hata moja. Muimbieni bibi harusi akiingia, na katekista akubali. Ila ni wimbo wa dakika nne au zaidi kidogo, na bibi harusi wa Malindi hatembei, husogea. Jipangeni kurudia.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mie ni mpiga zumari. Kijana wangu amenisikilizisha hiyo kantata unayoitajataja. Dini si yetu, masikio ni yetu. Mle ndani kuna chombo, nikifumba macho naona zumari iliyotiwa adabu. Nimekosea? Na lile baragumu ni kama siwa?
Fundi wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Hujakosea, ni jamaa. Chombo hicho ni oboe, na mdomoni kina matete mawili yaliyobanana, kama zumari yako. Wewe unayaingiza matete yote kinywani, mashavu yanashika pumzi, na sauti inatoka kali, haikatiki, yasikika mtaa wa pili. Huwezi kunong’ona nayo, na harusini hakuna anayetaka unong’one. Karne ya 17 mafundi wa Ufaransa walichukua chombo cha ukoo huo wakakichonga upya kwa vipande, na mpigaji akayabana matete kwa midomo. Hapo ndipo oboe ilipopata kunong’ona. Kantata hii ina tatu, mbili za kawaida na moja kubwa yenye sauti ya chini. Tafuta sehemu ya 6, oboe moja inazunguka baina ya Nafsi na Yesu walioungana tayari. Naamini utaisikiliza ukiwa na zumari mkononi.

Baragumu na siwa kwa umbo ni mbali. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu hupulizwa ubavuni, baragumu la Bach hupulizwa mwishoni. Tena siwa hutangaza yenyewe, ilhali baragumu hili halina wimbo wake. Linafuata soprano noti kwa noti katika sehemu ya kwanza, ili wimbo wa Nicolai usizame chini ya kishindo cha ala na sauti nyingine. Lakini zote mbili zinapigiwa bwana harusi mkubwa.

SWALI: Nota tunapata wapi, na sisi twasoma solfa tu?
Kiongozi wa kwaya, Barani, Malindi

JIBU: Kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, bure. Anzeni na sehemu ya 7, sauti nne za kawaida, msikimbilie sehemu ya kwanza itakayowavunja moyo. Wimbo unaanza d m s, s s s l s, kisha unapanda mpaka m ya juu. Bach ameweka do kwenye E flati, na hapo soprano wengi watapiga kelele badala ya kuimba. Shusheni do iwe D, au hata C, na mpiga kinanda asilalamike.