Mbona mtoto wa Yugoslavia anahangaikia gramafoni?

SWALI: Kaka wa safu, shikamoo. Juzi nimeangalia muvi ya Kislovenia inaitwa Sladke sanje, yaani Ndoto Tamu, ya mwaka 2001, ya Sašo Podgoršek. Kuna kijana Egon, ni miaka ya 70 mwanzoni, anaishi na mama na bibi yake na anachowaza ni gramafoni tu. Sasa mi shuleni nilisoma kwamba Yugoslavia ilikuwa ya kikomunisti, hayo mambo ya roki yalipitia wapi? Na mbona watu wa kule wanazikumbuka hizo enzi kwa mapenzi vile?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umeuliza jambo ninalolipenda mno.

Ukomunisti ulikuwepo kweli, chama kimoja tu, ila Tito, kiongozi wa Yugoslavia, aligombana na Stalin wa Usovieti tangu 1948 kwa hiyo Yugoslavia haikuwa chini ya Moscow, na kuanzia miaka ya 60 raia wa kawaida alikuwa anachukua pasipoti yake anaenda Italia na kurudi. Na Slovenia, wakati ule moja ya jamhuri za Yugoslavia, ndo ipo mpakani kabisa na Italia. Wikiendi watu walikuwa wanajaa kwenye mabasi na treni kwenda Trieste, mji wa Italia, kununua jinzi, kahawa, midoli ya watoto, halafu kurudi kuna watu wa forodha wanakusubiri, sasa mtu alikuwa anaondoka asubuhi mwembamba jioni anarudi amenenepa, kavaa jinzi tatu moja juu ya nyingine anatembea kwa shida huku kakaza uso. Santuri nazo hata mpaka hukuhitaji kuvuka, kampuni ya Jugoton ya Zagreb ilikuwa inazitoa hapohapo nchini, mpaka za Beatles, kwa leseni halali.

Kwa hiyo Egon hateseki kwa sababu serikali imemkataza muziki. Anateseka kwa sababu kitu anakiona, wenzake wanacho, kwao hela hamna. Ukiliona hilo muvi yote inabadilika, manake huyu ni mtoto anayekua kwenye nchi iliyomfundisha usawa tangu darasa la kwanza, pale tarehe 29 Novemba, Siku ya Jamhuri, watoto walipokuwa wanaapishwa kuwa mapayonia, yaani jumuiya ya watoto ya kikomunisti, kofia ya bluu yenye nyota nyekundu na skafu nyekundu shingoni, halafu anatoka nje anakuta nani ana nini na nani hana. Mi pale ndo roho inaniuma.

Kuhusu mapenzi, usidhani wanataka irudi. Desemba 1990 Waslovenia walipiga kura ya maoni na zaidi ya asilimia 88 ya waliojiandikisha wakasema tunajitenga, Juni 25, 1991 wakatangaza uhuru na ikafuata vita ya siku 10. Na wazee hawajasahau kisiwa cha Goli otok walikofungwa watu kwa siasa. Wanachokikumbuka ni ule umri wao wenyewe, sasa bahati mbaya umri ule ulikuwa ndani ya nchi ambayo leo haipo kwenye ramani, mtu hawezi kutaja utoto wake bila kuitaja.

Kama hii imekugusa tafuta Outsider ya 1997, ya Andrej Košak, kijana ambaye baba yake ni mwanajeshi kutoka Bosnia anahamia Ljubljana, anajikuta kwenye muziki wa panki, na huku Tito anaumwa. Tito alifia hospitali hapohapo Ljubljana, Mei 4, 1980. Siku hiyo kwenye mji wa Split kulikuwa na mechi ya mpira, timu za Hajduk na Crvena zvezda, ikasimamishwa katikati watangaziwe, na kuna wachezaji walilala chini kwenye nyasi wanalia, uwanja mzima ukaanza kumwimbia. Picha zake bado zipo, ziangalie kwanza kabla hujaanza Outsider.