Re: Nesi kasema chanjo ni za watoto tu, ni kweli?

Mkuu pole, sio kweli, ila huyo nesi aliyekwambia chanjo ni za watoto tu ulipouliza kuhusu mzee wako hajakudanganya makusudi, ndo alivyofundishwa. Mpango wa chanjo tuliourithi tangu miaka ya 70 umejengwa juu ya watoto na wajawazito, angalia hata bango ukutani pale kliniki, linaanza na BCG (ya kifua kikuu), polio, surua, mtu mzima hayupo. Na kadi ya presha na sukari ya mzee ina uzito, ina BP, ina dawa, mstari wa chanjo hamna, sasa nani atakumbuka kuuliza?

Ila WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri kabisa wazee na wenye magonjwa sugu wachanjwe influenza (mafua makali) kila mwaka, so mzee wako wa miaka 72 mwenye kisukari anahusika mara mbili. Wahudumu wa afya wenyewe nao wamo kwenye hiyo orodha, sema wengi wetu hatujachanjwa, muulize yeyote wodini uone anavyocheka.

RSV (kirusi cha njia ya hewa) ndo kabisa, wengi tunaijua kama kifua cha vichanga, na chanjo yake ya wazee Marekani imepitishwa 2023 tu, Uingereza wameanza kuwapa wa miaka 75 hadi 79 Septemba 2024.

Kwa hapa Bongo chanjo ya influenza haimo kwenye ratiba ya serikali, jaribu hospitali kubwa za binafsi, piga simu kwanza, na ukifika omba uone boksi, lazima litoke kwenye friji na liwe la msimu huu, sio la mwaka jana. Kama ana homa siku hiyo ahirisha, mpeleke akipona.