Nilitubu Kanisani Miezi Minane Kabla ya Kwenda Mbuyuni

Kwa miezi minane nilitubu kila Jumapili, na kila Jumatatu nikazunguka nyuma ya soko la Mbuyuni ili nisipite mbele ya meza ya dada mmoja anayeuza dagaa. Naandika haya nikiwa na uhakika kuwa kuna msomaji mwenye njia yake ya kuzungukia, hapa Moshi au kwingine. Tumezoea kumaliza na Mungu mambo ambayo hatujayamaliza na watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na fedha hazipokelewi nje ya kikao. Lakini dada huyu alikuwa anasafiri kwenda msibani, akanipitia katikati ya wiki akanipa marejesho yake: noti kumi na nane za elfu kumi, zimefungwa mpira wa rangi ya kijani. Tulikuwa tunaaminiana, kwa hiyo hakuomba karatasi, nami sikuandika kwenye daftari. Siku mbili baadaye mwanangu akarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Nikazitumia, nikijiambia nitazirudisha kabla ya Jumamosi. Jumamosi ikafika sina kitu, na mwenyekiti aliposoma jina la yule dada, yeye akasema, "Mbona nilimkabidhi mweka hazina?" Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Sikumbuki."

Nimelifikiria sana neno hilo. Sikuthubutu kusema sikupokea, maana huo ungekuwa uongo mtupu na mimi ni mwanakwaya. Nikachagua neno lenye mlango wa nyuma. Kwake yeye matokeo yalikuwa yaleyale: alilipa mara ya pili, akatozwa faini ya shilingi 10,000, na mwezi uliofuata akaacha kikundi. Watu wakaanza kumwita mjanja mjanja. Nami nikawasikia, nikanyamaza.

Sasa uniangalie kanisani. Sisi Walutheri huanza ibada kwa kuungama dhambi pamoja, kisha mchungaji anatangaza msamaha. Niliungama kwa machozi ya kweli, sikuwa naigiza. Nilishika Zaburi ya 51, hasa pale Daudi anaposema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Mstari ule ulinifaa sana: kama nimemkosea Mungu peke yake, basi mambo yanaishia madhabahuni, na sina haja ya kwenda sokoni. Ilinichukua muda kukumbuka kuwa Daudi alipoungama, Uria, yule aliyemchukulia mke kisha akaagiza auawe, alikuwa amekwisha kufa. Hata angetaka kumwendea, angemkuta wapi? Mtu wangu mimi alikuwa hai, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kanisani, anapima dagaa.

Kilichonivunja ni somo la jumuiya, jioni ya siku ya kazi, wengine wakisinzia. Tulikuwa tunasoma Walawi, kitabu ambacho wengi tunakiruka. Sura ya 6, mwanzoni kabisa, inamtaja mtu aliyepewa amana na mwenzake akaikana. Amana! Nilihisi kama daftari la kikoba limefunguliwa mbele ya watu. Agizo ni kwamba mtu huyo arudishe kitu chote, aongeze na sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete sadaka yake ya hatia kwa Bwana. Bwana Yesu anaufuata mpangilio huohuo katika Mathayo 5: ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Ona kwamba anazungumza na aliyekosa, na amemkuta tayari yuko kwenye ibada.

Nisieleweke vibaya hapa, maana mafundisho ya kununua baraka yamejaa mjini. Msamaha wa Mungu haulipiwi. Ndiyo maana mwaka 1517 Martin Luther alisimama kupinga vyeti vya rehema vilivyokuwa vikiuzwa, na hoja yake ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Bwana Yesu aliposema "Tubuni" alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Zile 180,000 hazikuwa bei ya kusamehewa. Zilikuwa fedha za mtu. Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hakununua kitu aliposema atarudisha mara nne. Alikuwa amekwisha kupokewa, Yesu yuko ndani ya nyumba yake, na mkono ukafunguka wenyewe.

Nilipiga hesabu: 180,000 na faini 10,000 ni 190,000. Sehemu ya tano ni 38,000. Jumla 228,000. Nikaanza kuweka kidogo kidogo kwenye kibubu, ikanichukua miezi miwili. Hapo nilikosea tena, na nakushauri usinifuate. Ningekwenda na nilichonacho siku ileile, nikamwambia nyingine zitakuja lini. Ile miezi miwili niliiita maandalizi, na ilikuwa woga.

Kabla ya kwenda nilipanda kwa mama mkwe, Old Moshi, nikamweleza yote. Wasio wa huku waelewe kwamba kwetu Uchaggani kuna isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo. Mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake isale, mara nyingi kwa mkono wa mtu mzima, ameomba msamaha ambao ni vigumu sana kuukataa. Nilitaka mama anikatie moja na anisindikize. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kumenya ndizi alizokuwa nazo mapajani, ndipo akasema, "Mwanangu, ukimpelekea isale hataweza kukataa. Mpe kwanza chake. Umwachie nafasi ya kukataa."

Naliheshimu isale, na siwaungi mkono wanaoliita la kipagani. Lakini mama alikuwa ameona nilichokuwa natafuta. Nilitaka kumfunga mtu ili mimi nifunguliwe. Sisi Wakristo tunafanya hivyo kwa mistari pia. Mtu anamtapeli mwenzake, kisha anamwambia, "Biblia inasema saba mara sabini, lazima unisamehe." Lile neno la saba mara sabini aliambiwa Petro, ambaye aliuliza kama aliyekosewa. Aliyekosa hana haki ya kulishika mkononi mwake kama hati ya mahakama.

Nilimfuata yule dada kabla ya saa moja asubuhi, hajapata wateja. Na hapa ndipo ningependa unisikilize vizuri. Kuna maneno tuliyoyazoea makanisani: "Kama kuna mahali nilikukwaza, unisamehe." Usiku wa mkesha wa mwaka mpya tunayatuma kwenye simu kwa watu mia mbili kwa mpigo. Yaache. Hiyo "kama" inamrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kosa lako. Taja ulichofanya kwa jina lake. Nilimwambia: "Zile laki na themanini ulinipa. Nilizitumia. Niliposema sikumbuki, nilikuwa nakumbuka. Hizi hapa, na faini, na nyongeza." Habari ya ada ya mtoto ilinijia mpaka ulimini, nikaimeza. Ni kweli ilikuwepo, ila mbele ya mtu uliyemuumiza sababu hugeuka ombi la kuonewa huruma, na huruma siku ile ilikuwa haki yake.

Alizihesabu. Akasema, "Nimesikia. Niache kwanza, dada." Basi. Nikaondoka nikiwa sijasamehewa, na nilitembea mpaka stendi miguu ikitetemeka.

Jumamosi ile nilisimama kikaoni nikayarudia maneno yaleyale, kwa sababu jina lake lilichafuliwa mbele ya watu ishirini na haliwezi kusafishwa chemba. Nikavuliwa uweka hazina. Ilikuwa sawa kabisa. Kosa la hadharani lina toba ya hadharani. La sirini limalizeni wawili, msiwape majirani cha kuongea.

Kwa upande wa aliyekosewa nitasema machache, maana hapo mimi ni mwanafunzi. Katika mfano wa Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi anamkaba mwenzake kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari mia ni kazi ya miezi zaidi ya mitatu. Si senti. Yesu hakusema ulichofanyiwa ni kidogo. Alikipima kando ya deni lisilolipika hata kwa vizazi. Kusamehe ni kuacha kumkaba shingo. Si lazima umrudishie ufunguo wa sanduku siku hiyohiyo. Na kama anayekuomba msamaha ni mume anayekupiga kila wiki, unaweza kumsamehe ukiwa umekaa kwa ndugu zako, na umekwisha kupita Dawati la Jinsia polisi. Nawasihi wazee wa kanisa wasiharakishe wanawake hawa kurudi nyumbani kwa jina la upatanisho.

Kinachonisaidia sasa ni kutoacha mambo yalale. Paulo anasema jua lisichwe na uchungu bado haujawatoka, nami nalichukua neno hilo kama lilivyo. Juzi nilimfokea binti anayenisaidia kazi kwa sababu ya chupa ya chai iliyovunjika, kumbe niliiweka mimi ukingoni mwa meza. Saa kumi na mbili jioni nikamfuata jikoni nikamwambia, mbele ya watoto, kwamba nilimwonea. Alishindwa pa kuangalia, akaendelea kusugua sufuria moja ileile. Watoto walinyamaza. Sidhani kama walikuwa wamewahi kumsikia mtu mzima wa nyumba hii akisema hivyo kwa mtu aliye chini yake.

Yule dada alinipigia simu baada ya wiki kama saba. Alisema amenisamehe, na zile 38,000 amezipeleka kwenye mfuko wa jamii wa kikoba kipya alichojiunga. Siku hizi napita Mbuyuni kwa njia ya mbele, na dagaa nanunua kwake. Akinirudishia chenji hunihesabia noti moja moja, kwa sauti, nami nasimama nasikiliza mpaka amalize.