Wastani umetosha, mbona nimekataliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nimepata kusikiliza 7, kusoma 6.5, kuzungumza 6.5, kuandika 5.5. Wastani 6.5. Chuo nilichoomba Uingereza kinataka 6.5, lakini wamenikatalia. Kwa nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, najua ada ya mtihani ule inavyouma. Hebu soma tena masharti yao hadi chini: vyuo vingi hutaka pia kila sehemu isipungue 6.0. Nadhani hiyo 5.5 ndiyo iliyokukwamisha.

Mimi nami nilikwama kwenye kuandika, sehemu yenye kazi mbili: kueleza grafu, kisha insha. Nilipamba maelezo ya grafu kwa nusu saa nzima, saa ikaisha insha ikiwa na aya moja na nusu. Na insha ndiyo yenye uzito mara mbili! Inataka maneno yasiyopungua 250. Safari ya pili nilianza nayo, nikaipa dakika 40, grafu ikapata 20.

Kabla hujalipia tena, waandikie chuo uulize kama wana kozi ya Kiingereza ya kutangulia masomo. Vingine humpokea mwombaji kwa njia hiyo. Matokeo yako yanadumu miaka 2, usiyatupe.