Windows 11 imeingia, mashine haiwaki

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanapiga Windows 11 kwenye laptopu ambazo kampuni yenyewe inasema hazifai: hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), au prosesa ni ya kabla ya kizazi cha nane cha Intel. Flashi iliyotengenezwa kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia, inaweza kuruka ukaguzi huo. Shida huanza ukishazima na kuwasha. Kabla sijajibu maswali yenu, nawaomba sana: msifomati tena mpaka mjue mashine imekwama wapi. Kufomati kunafuta picha na kazi zenu, na chanzo mara nyingi kinabaki palepale.

Nina Dell Latitude E6440. Windows imeingia bila tatizo, lakini nikichomoa flashi naambiwa hakuna diski ya kuwashia. Fundi anasema diski imekufa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Usinunue diski bado. Diski iliyokufa haipokei Windows nzima mpaka mwisho. Ninachoshuku ni kwamba flashi uliiwasha kwa njia moja, na mashine inaitafuta Windows kwa njia nyingine.

Chomoa flashi, washa, kisha gongagonga F12. Orodha itakayokuja ina sehemu mbili: Legacy, njia ya zamani ya kuwasha, na UEFI, njia mpya. Chagua diski yako iliyo chini ya Legacy. Windows ikifunguka, basi iliwekwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, wakati BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) imeelekezwa UEFI. Unaweza kuingia F2, ukaiweka Legacy na kuendelea na kazi.

Mimi ningeihamishia UEFI. Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Amri hiyo inakagua tu, haibadilishi kitu. Ikikubali, rudia kwa kuweka `/convert` mahali pa `/validate`, zima, ingia F2 na uchague UEFI. Ikikataa, angalia diski imegawanywa mara ngapi, maana haikubali sehemu kuu zaidi ya tatu.

Kama mashine ina diski mbili, kuna jambo jingine la kutazama: Windows inaweza kukaa kwenye SSD huku mafaili ya kuwashia yakiwa yameandikwa kwenye ile diski nyingine. Ukiitoa hiyo, unapata ujumbe huohuo. Ndiyo maana wakati wa kusakinisha ni vizuri kuacha diski moja tu ndani.

Laptopu yangu ni Core 2 Duo. Windows 11 ya mwanzo ilikubali, nimeweka toleo la 24H2 inaishia kwenye nembo, inajizima na kuwaka tena. (Msomaji, Kisumu)

Hiyo haitibiki, na usimlipe mtu anayekuahidi kuitibu. Toleo la 24H2 linatumia maagizo ya prosesa yanayoitwa POPCNT na SSE4.2, na Core 2 Duo haina POPCNT. Hapa hakuna ukaguzi wa kurukwa, prosesa yenyewe haielewi inachoambiwa. Weka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Ukiwa na RAM ya GB 4, utaandika, utasoma na kuingia mtandaoni bila taabu.

Fundi alibadilisha betri ndogo ya ndani, sasa napata skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ameharibu nini? (Msomaji, Tanga)

Huenda hajaharibu chochote. Betri ile, CR2032, ndiyo inayotunza mipangilio ya BIOS kwenye mashine nyingi; ikitolewa, mipangilio inarudi ya kiwandani. Kama yako ni Dell Latitude, nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID; RAID na AHCI ni namna mbili za mashine kuzungumza na diski, na kama Windows yako ilisakinishwa mashine ikiwa kwenye AHCI, haiwezi tena kuifikia diski. Ingia F2, tafuta SATA Operation, rudisha AHCI. Rekebisha na saa hapohapo, maana tarehe ya zamani inafanya tovuti zikatae kufunguka.

MacBook Pro yangu ya 2012 nimeiwekea macOS mpya kwa OpenCore Legacy Patcher, programu ya kuweka macOS mpya kwenye Mac za zamani. Bila flashi inaonyesha duara lililokatwa mstari. (Msomaji, Nairobi)

OpenCore bado iko kwenye flashi peke yake. Rudisha flashi, washa huku umeshikilia Option, chagua EFI Boot, ingia, kisha fungua programu ile na uisakinishe OpenCore kwenye diski ya ndani. Skrini ikiwa nzito kuonyesha vitu au Wi-Fi ikipotea baada ya sasisho, rudia kuweka viraka vya mfumo humohumo kwenye programu.

Nilizima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ili flashi isome. Sasa nadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, na picha za harusi ziko humo. (Msomaji, Zanzibar)

Pole sana, ila usiguse flashi kwanza. Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski; imeona mipangilio imebadilika. Rudi BIOS, washa Secure Boot kama ilivyokuwa, na mara nyingi dai hilo linaondoka. Lisipoondoka, tumia simu kufungua aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyowekwa kwenye laptopu hiyo, ulinganishe kitambulisho cha ufunguo na kile kilichoandikwa kwenye skrini. Bila ufunguo hakuna fundi atakayezitoa picha hizo. Ukifanikiwa kuingia, nakili picha zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine.