Mwanangu, uliza pale wanapoona wote

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma na kuirudia kabla ya kujibu, maana nilitaka nijibu swali lenyewe na sio kukupigia makofi tu kwamba utaweza. Umeandika hivi: "Mama, wiki ya tatu sasa kwenye hii intanshipu ya Outreachy ya programu huria, kila mtu yuko mbali, hakuna anayeniona nikihangaika, nikikwama naogopa kuuliza kwenye chati ya wote wasije wakaona walichagua mtu asiyejua, kwa hiyo ama namfuata pembeni menta anayeniongoza ama nanyamaza. Nitajuaje kama nakua kweli au nawapotezea watu muda?"

Ntakujibu kama mama yako, ila pia kama mtu ambaye miaka yote hii kazi yake imekuwa kupokea pachi, yaani mabadiliko ya msimbo wa programu, za watu asiowajua hata sura, anazisoma, anazirudisha, anazipokea. Na jibu langu ni moja: uliza mbele ya wote, na jifunze kuliandika swali lako vizuri, maana kwenye kazi ya mbali kuandika ndio nusu ya kazi, siku nyingine ni zaidi ya nusu.

Tuanze na hilo la kuogopa wataona hujui. Si ulipita kile kipindi cha michango kabla hujachaguliwa? Ulikuwa unatuma vikazi vidogo vidogo kwenye mradi wenyewe, na hao hao watu wakawa wanavisoma na kukurudishia. Hawakukuchagua kwa cheti wala kwa picha, walikuchagua baada ya kuona unavyofanya kazi, pamoja na ulivyokosea na ulivyorekebisha. Sasa unamficha nani, na unamficha nini? Walishakiona.

Na ujue huo mpango ulitokea wapi. Mwaka 2006 mradi wa programu huria wa GNOME ulipokea maombi 181 ya Google Summer of Code, ule mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria, na katika hayo yote hapakuwa na hata mwanamke mmoja. Wale watu wangeweza kusema basi wanawake hawataki, wakaendelea na maisha. Badala yake wakafungua nafasi za wanawake kiangazi hicho hicho, na ndio mzizi wa hiyo Outreachy unayoifanya leo, ambayo sasa inapokea watu wengi zaidi waliobaguliwa au kuachwa nje ya kazi za kompyuta. Imejengwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kukaribishwa. Kwa hiyo ukijiona mgeni humo ndani usidhani umeingia kwa bahati mbaya mama, mlango ulifunguliwa kwa ajili ya wageni.

Sasa nije kwenye maswali, hapa ntakaa sana maana ndipo ulipo msumari wenyewe.

Ukiwa ofisini na watu, mtu anakuona umekunja uso mbele ya skrini toka asubuhi, anakuja anakuuliza vipi. Kwenye kazi ya mbali hakuna uso. Wanachokiona kwako ni maandishi tu: ulichouliza, ulichotuma, ulichomjibu mtu. Ukinyamaza siku mbili, wao hawaoni mtu anayehangaika, wanaona hakuna kitu, na menta anaanza kujiuliza kama umeumwa au umeacha. Yaani ule ukimya unaodhani unakulinda ndio unaokuchafulia jina.

Na kumfuata menta pembeni sio kosa, mambo ya binafsi mpelekee huko huko, umeumwa, umefiwa, kuna mtu anakusumbua. Lakini swali la kazi likienda pembeni linakufa pembeni. Menta ni mtu mmoja, amelala saa ambazo wewe uko macho, ana kazi yake ya mshahara na watoto. Kwenye chati ya wote kuna mtu wa bara lingine ambaye ndio kwanza ameamka na alishakutana na erori hiyo hiyo mwaka juzi. Na jibu likishaandikwa pale linabaki, intani wa msimu ujao atalitafuta atalikuta. Halafu kuna kitu wageni huwa hawakijui: sisi watunzaji wa miradi tunayahitaji hayo maswali. Mtu aliyekaa kwenye mradi miaka kumi haoni tena kwamba maelekezo ya kusakinisha yana hatua iliyorukwa, yeye alishaiweka kwenye kompyuta yake zamani akasahau. Anayeweza kuliona hilo shimo ni anayeingia leo.

Hata Linux yenyewe, ule mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza na mtu kuuliza hadharani. Agosti 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi tu Helsinki, akaandika kwenye kundi la majadiliano la watumiaji wa mfumo mwingine uitwao Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi, ni hobi tu hautakuwa mkubwa, na akawauliza watu wangependa uwe na nini. Hakusubiri umalizike ndio autoe.

Ila kuuliza hadharani sio kutupa sentensi ukakimbia. Ule ujumbe kuhusu testi, yale majaribio ya kuhakiki programu, uliosema uliufuta kabla ya kuutuma, "testi zinafeli kwangu nifanyeje", ulifanya vizuri kuufuta, lakini ungeuandika upya badala ya kunyamaza. Wewe mwenyewe umeniambia kwa simu tatizo lilivyo, na ulivyoniambia ndivyo ungewaandikia. Ona:

"Habari zenu. Leo nimechukua tawi kuu la msimbo, nikaendesha testi zote, inafeli moja tu, ile ya kuonyesha tarehe. Inategemea ipate 31 Desemba, kwangu inaleta 1 Januari. Nimeweka saa za kompyuta yangu kuwa UTC, zile saa za kimataifa, ikapita. Saa za hapa nilipo ziko mbele ya UTC, kwa hiyo nadhani testi inachukulia kila anayeiendesha yuko UTC. Nirekebishe testi, au funksheni yenyewe inayotoa tarehe ndio inatakiwa itumie UTC siku zote? Meseji kamili ya erori naiweka chini."

Isome tena uone kilichomo. Umesema ulichofanya, ulichotegemea, ulichokipata, ulichojaribu, unachodhani, na unachotaka wakujibu. Mtu anaweza kukujibu kwa simu akiwa kwenye foleni. Na mara nyingi sana, nakwambia ukweli, ukifika kwenye "nimejaribu hiki" unagundua kuna kitu hujajaribu, unakijaribu, inakubali, swali halitumwi tena. Hiyo nayo ni kujifunza, tena kuzuri.

Na angalia ajabu ya hiyo testi. Wewe umeiona kama kompyuta yako ina matatizo, mimi nimeona kwamba mradi mzima umekuwa ukiendesha testi kwenye seva za UTC na kwa watu ambao saa zao hazikuigusa, mpaka alipokuja mtu wa saa nyingine. Huo ni mchango, na umekuja kwa sababu uko pale ulipo. Ungenyamaza ungebadilisha saa za kompyuta yako ukaendelea, na anayekuja nyuma yako angekwama hapo hapo.

Kuhusu riviu, yaani watu kuipitia pachi yako. Umesema pachi yako ya kwanza imerudi na maoni mengi ukalia. Pole mwanangu, najua. Lakini nimeyasoma yale maoni uliyonitumia, karibu yote ni maswali ya kweli. "Kwa nini umeondoa hili sharti?" hajasema umekosea, anauliza kwa nini, labda una sababu nzuri ambayo yeye hajaiona. Maandishi hayana sauti, kwa hiyo sisi tunaosoma ndio tunaoweka sauti, na ukiwa na wasiwasi unaweka sauti ya ukali. Jaribu kuyasoma kwa sauti ya mtu anayetaka pachi yako iingie, kwa sababu kama asingetaka asingepoteza saa nzima kuisoma mstari kwa mstari.

Pia riviu haipo kwa ajili ya wanagenzi tu. Ile hitilafu ya Heartbleed iliyogundulika 2014 kwenye OpenSSL ilikuwa imeingia kwenye toleo la 2012. Tatizo lilikuwa programu inaamini urefu wa data ambao mtu wa upande wa pili ameutaja bila kuuhakiki, basi, kitu kidogo hivyo. Aliyeandika hakuliona, aliyepitia naye hakuliona, na OpenSSL ilikuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Hao walikuwa wataalamu. Ndio maana kila mtu anasomwa, hata aliyeanzisha mradi.

Kwa hiyo ukipata maoni usikimbilie kubadilisha kila kitu kimya kimya na kutuma tena, wanagenzi wengi wanafanya hivyo wakidhani ndio utii. Jibu kila moja. Kama umekubali sema nimebadilisha. Kama hujaelewa sema sijaelewa hapa, unamaanisha hivi au hivi? Na kama unaona njia yako ni bora, sema, kwa adabu na kwa sababu: nimeliacha hivi kwa kuwa ikija bila tarehe inavunjika. Intani anayeweza kunipinga kwa sababu nzuri mimi humkumbuka miaka.

Na maelezo ya komiti, yale unayoandika unapohifadhi badiliko, usiyaandike kwa uvivu. "Nimerekebisha testi" hayamsaidii mtu. Andika ilikuwa inafeli kwa nani, kwa nini, na kwa nini umechagua kurekebisha hivi na sio vile. Alichobadilisha mtu tunakiona kwenye msimbo wenyewe, kilichokuwa kichwani mwake ndio hatukioni. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ilitengenezwa na huyo huyo Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu waliotawanyika dunia nzima wafanye kazi moja, na historia yake ni hazina usiyoitumia bado. Ukikutana na mstari wa ajabu usiuguse kwanza, angalia nani aliuweka, lini, na alisema nini. Mara nyingi utakuta hadithi kamili, kuna kifaa fulani kilikuwa kinagoma, au mtumiaji fulani alipoteza data. Kwa maoni yangu kusoma hizo historia kunafundisha kuliko kozi nyingi za kulipia.

Umeuliza pia kuhusu kutumia hizi zana za akili mnemba. Zitumie kukuelezea erori au dhana usiyoifahamu, hamna shida, ila soma kwanza mradi wako una sheria gani maana miradi inatofautiana, na usitume mstari ambao ukiulizwa "kwa nini" huwezi kuujibu mwenyewe. Halafu hizo zana hazijui kwa nini watu wa mradi wako waliamua walivyoamua, hilo wanalijua wao, kwa hiyo bado utarudi kuuliza watu.

Jingine, hizo saa. Mpango wenyewe unasema saa 30 kwa wiki, na wewe unafanya mpaka usiku wa manane kwa sababu unaona aibu kwamba uko nyuma ya ratiba. Hiyo ratiba iliandikwa kabla hujaujua msimbo, nani angeipatia? Kubadilisha malengo katikati ni kawaida sana kwenye hizi intanshipu, menta anategemea. Mwandikie wiki hii, sio wiki ya mwisho: nilipanga mambo manne, naona mawili yatakamilika vizuri, tukate lipi? Kazi mbili zilizoingia na zina testi na maelezo zinatufaa sisi kuliko nne zilizobaki kwenye tawi lako zikisubiri mtu wa kuzimalizia. Na ulale, tafadhali, huo ni mama anaongea.

Sasa utajuaje kama unakua. Usihesabu mistari wala pachi, hizo hazisemi kitu, kuna pachi ya mstari mmoja iliyochukua wiki mbili kuipata. Angalia maswali yako. Wiki ya kwanza uliniambia uliuliza "mradi unaanzia wapi", leo unauliza kama funksheni fulani itumie UTC au saa za mtumiaji. Umeona tofauti? Angalia na maoni unayopata, yakianza kutoka kwenye nafasi na majina ya vigeu yakaenda kwenye "je hii itahimili orodha ikiwa kubwa", wameanza kuongea na wewe kama mwenzao. Na siku mgeni mwingine akiuliza kitu kwenye chati ukajikuta unalijua jibu, mjibu, usisubiri wakubwa. Hiyo siku iko karibu kuliko unavyodhani, huenda hata ikawa kuhusu hiyo hiyo testi.

Basi kesho asubuhi tuma ule ujumbe wa tarehe kwenye chati ya wote kama nilivyouandika au kwa maneno yako, na kama siku ya kazi ikipita kimya wakumbushe kwa upole, huku ukishika kazi nyingine usikae kusubiri. Wakishajibu niambie wameamua kurekebisha testi au funksheni, mimi naegemea testi lakini sijauona msimbo wenyewe, na nataka kujua wewe unaonaje kabla hawajasema wao.

Mama yako